Daftari Lililokosa Msomaji: Kompyuta ya Hazina na Marufuku ya 1974

Upanga, jijini Dar es Salaam, ipo shule ya sekondari yenye jina la Shaaban Robert. Ukiiacha Upanga nyuma yako na kuelekea upande wa bandari, utaukuta mtaa wenye jina hilohilo, na katika mtaa huo kimesimama Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1972. Humo vijana husoma uhasibu na kompyuta chini ya paa moja, wala hakuna anayeona ajabu. Wachache miongoni mwao hukumbuka kwamba mshairi ambaye mtaa huo umepewa jina lake aliishi kwa kalamu ya hesabu, akiwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Na wachache zaidi hujua kwamba, miaka miwili tu baada ya chuo hicho kuanzishwa, serikali iliyokianzisha ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini.

Habari ya marufuku hiyo husimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Huambiwa kwamba Tanzania ya Ujamaa iliogopa mashine, kwamba viongozi wake hawakuyaona yajayo, na kisa kikaishia hapo. Masimulizi hayo huacha nje sehemu kubwa ya mambo. Nchi iliyoikataza kompyuta mwaka 1974 haikuwa nchi isiyoijua kompyuta. Ilikwisha kuishi nayo miaka tisa, tena katika chumba nyeti kuliko vyumba vyote vya serikali, yaani Hazina. Iliikataa kama tajiri anavyomkataa karani aliyemwajiri mwenyewe, akamkabidhi funguo na daftari, kisha siku ya kufunga hesabu asiweze kujua fedha zimekwenda wapi.

Watu wa pwani hawakuwa wageni wa hesabu. Maneno yenyewe ni ushahidi. Hesabu, tarakimu, sifuri, jumla, daftari na hazina ni maneno yaliyokuja na Kiarabu, yakavaa kanzu ya Kiswahili hata yakasahau kwao. Hundi ilikuja na wafanyabiashara wa Bara Hindi. Leja na risiti zikafuata na Waingereza. Kila chombo cha kuhesabia kilichoteremshwa pwani kilipata jina katika vinywa vya watu, na kwa kupata jina kikapata mwenyewe.

Hata hivyo, pwani hiyohiyo ilijifunza mapema kwamba daftari lina bwana wawili: anayelimiliki na anayeweza kulisoma, na si lazima wawe mtu mmoja. Katika miaka ya 1830 Seyyid Said aliikodisha forodha ya Unguja kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kachi. Sultani alipokea kiasi walichoafikiana kwa mwaka, na nyumba ile ikakusanya ushuru bandari kwa bandari. Ufalme ulikuwa wa Sultani, lakini vitabu vya ushuru vilikuwa mikononi mwa wengine. Hapana shaka mpango huo ulimpunguzia mtawala kazi nyingi. Lakini pia ulimfanya awe mdeni wa watu waliojua hesabu za dola yake kuliko alivyozijua mwenyewe.

Dar es Salaam, iliyozaliwa baadaye, iliurithi utaratibu huo wa madaftari. Kariakoo na mitaa ya maduka iliyokuwa jirani yake ilikuwa na watunza vitabu wake, na Upanga, ambayo sehemu yake kubwa ilijengwa katika miaka ya 1950 na 1960, ikawa makazi ya familia nyingi za Kihindi ambazo watoto wao walikwenda ofisini kushika leja. Katika ofisi za serikali walikuwako pia makarani Waafrika wa mfano wa Shaaban Robert: watu waliopata elimu ya shule kwa kiasi, wenye mwandiko mzuri, wenye kujua kwamba kosa la senti moja katika ukurasa wa Januari litamfukuza mtu mpaka Desemba. Karani wa namna hiyo aliweza kulifungua daftari, kuweka kidole penye mstari, na kusema: kosa ni hili hapa.

Shaaban Robert alifariki tarehe 20 Juni 1962. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1965, kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Iliitwa ICT 1500.

Nasaba ya mashine hiyo inastahili kuelezwa. Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wake kwa kutumia kadi zenye matundu na mashine za kuzisoma, uvumbuzi wa Herman Hollerith. Huko Uingereza kampuni iliyopata haki ya kuuza mashine za Hollerith ilikua kwa miongo mingi, na mwaka 1959 ikaungana na mshindani wake na kuunda International Computers and Tabulators, au kwa ufupi ICT. Kampuni hiyo iliijua kadi kama seremala anavyoijua mbao, lakini ilichelewa katika kompyuta, na ili isiachwe nyuma ilinunua mashine za wengine na kuzibandika jina lake. ICT 1500 ilikuwa kwa asili RCA 301 ya Marekani. Wafaransa nao waliichukua mashine hiyohiyo wakaiita Gamma 30. Kwa hiyo kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilikuwa na jina la Kiingereza na mwili wa Kimarekani, nayo ikatumwa kuhesabu shilingi za taifa ambalo Uhuru wake haukuwa umetimiza miaka minne.

Mashine za ukoo huo hazikuwa majumba mazima kama kompyuta za mwanzo kabisa, wala hazikuwa za kuwekwa juu ya meza. Zilikuwa makabati kadhaa yenye kimo cha mtu, yaliyopangwa ndani ya chumba kimoja cha ofisi: kabati la kufikiri, kabati la kumbukumbu, mashine za tepu ya sumaku, msomaji wa kadi, na mashine ya kuchapa iliyopiga kelele kama mvua juu ya bati. Kumbukumbu ya RCA 301 ilipimwa kwa makumi ya maelfu ya herufi tu. Utenzi mrefu wa pwani ungeijaza, ikashindwa kuumaliza. Chumba chake kilitaka ubaridi wa daima, na kadi zake hazikuupenda unyevunyevu, kwani karatasi ikinywa maji huvimba na kukwama. Katika mji wa bahari, ubaridi huo nao una bei.

Mwaka uleule wa 1965 ulikuwa mgumu kwa uhusiano wa nchi mbili zilizohusika. Mwezi Desemba Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na Uingereza ikauzuia mkopo wa pauni milioni 7.5. Uhusiano haukurudi hadi 1968. Kwa zaidi ya miaka miwili, basi, balozi wa Uingereza hakuwapo mjini, lakini mashine ya kampuni ya Uingereza ilikuwa imesimama ndani ya Hazina. Mtu anaweza kumrudisha balozi kwao kwa barua moja. Mashine inayoshika hesabu haiondoki kwa barua. Vipuri vyake, mafundi wake na maelekezo yake vyote vilitoka kulekule.

Ili kuelewa yaliyotokea baadaye, ni lazima kujua mashine hiyo ililishwa vipi. Karani hakuandika tena ndani ya leja. Hati ya malipo ilipelekwa kwa mtoboa kadi, aliyekaa mbele ya mashine yenye vibonye na kuzigeuza tarakimu kuwa matundu. Kadi moja ilikuwa na safu 80, na kila safu ilibeba herufi moja au tarakimu moja. Safu kadhaa za mwanzo zilibeba namba ya fungu, nyingine kifungu na kasma, nyingine tarehe, nyingine kiasi cha fedha. Kisha kadi zile zilipitishwa mara ya pili kwa mtoboaji mwingine ili kuhakiki, zikafungwa mafungu, zikaingizwa zote kwa pamoja, na baada ya saa au siku zikatoka karatasi zilizochapwa.

Mpenzi wa mashairi atalifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Kadi ile ilikuwa kama mshororo wenye mizani maalumu. Mshairi wa tarbia anajua kwamba silabi moja ikizidi, mshororo mzima unachechemea, na sikio la msikilizaji hulibaini kosa papo hapo. Kadi haikuwa na sikio. Tarakimu moja ikisogea safu moja, shilingi mia ziligeuka elfu, au matumizi ya elimu yakaingia katika barabara, na mashine ikaendelea kujumlisha kwa uaminifu uleule. Ilikuwa sahihi katika hesabu na yenye makosa katika habari, na ndani ya chumba kile hapakuwa na mtu wa kuweka kidole penye mstari, kwa maana mstari haukuonekana. Ulikuwa matundu katika karatasi na sumaku juu ya tepu.

Baadaye ICT 1500 ilipishwa na mashine ya ukoo mkubwa zaidi, ule wa 1900. Ukoo huo ulitangazwa mwaka 1964. Usanifu wake ulitokana na kompyuta iliyobuniwa Kanada, na uliuzwa katika nchi nyingi. Mwaka 1968, kwa msukumo wa serikali ya Harold Wilson iliyotaka Uingereza iwe na kampuni moja kubwa ya kushindana na Wamarekani, ICT iliunganishwa na wenzake na kuwa ICL. Jina hilo ndilo lililobaki katika kumbukumbu za Hazina: ICL 1900.

Hapa inafaa kuzitazama tarehe kwa uangalifu. Januari 1967 Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali. Mwezi uliofuata likaja Azimio la Arusha na benki zikataifishwa. Mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare inayohusu deni na mkataba. Neno bepari katika anwani hiyo linaonyesha jinsi lugha ilivyokuwa ikitwaa mambo ya fedha na kuyatia rangi ya nyumbani. Wakati ambapo taifa lilikuwa likihamisha Bunge, mahakama za mwanzo na ofisi zake katika Kiswahili, hesabu zake kuu zilikuwa zikihamia ndani ya mashine ambayo lugha zake, ikiwemo COBOL, zilijengwa kwa maneno ya Kiingereza.

Haki lazima itendeke katika jambo hili. Vitabu vya Hazina vilikuwa vya Kiingereza hata kabla ya mashine, na wala COBOL haikuundwa ili kumficha mtu kitu. Iliundwa mwaka 1959 kwa nia ya kuziwezesha amri za kompyuta kusomeka na wakuu wa ofisi wasio wataalamu. Tatizo halikuwa Kiingereza peke yake. Leja ya Kiingereza ilihitaji msomaji mwenye elimu ya karani. Leja ya sumaku ilihitaji mtu aliyeijua mashine na wakati huohuo akaijua hesabu ya serikali ya Tanzania, na watu wa namna hiyo walikuwa adimu mno. Waliojua mashine wengi walikuwa wageni wenye mikataba, na waliojua hesabu walikuwa nje ya mlango wa chumba cha baridi.

Matokeo yake yalikuwa machungu. Jaribio la kuuhamisha mfumo wa hesabu za serikali katika kompyuta lilishindwa, tena kwa hasara. Taarifa ambazo zingeipa wizara picha ya mapato na matumizi zilikuwa na makosa, na serikali ikapoteza udhibiti wa hesabu zake. Nchi yoyote ingetikisika kwa hilo. Kwa nchi iliyokwisha kutaifisha benki, na tarehe 22 Aprili 1971 ikataifisha majumba ya kupangisha, yakiwemo mengi ya Upanga na Kariakoo, pigo lilikuwa zito maradufu. Serikali ilikuwa imejitwisha hesabu nyingi kuliko wakati wowote uliotangulia. Na wakati huohuo familia nyingi za Kihindi, miongoni mwao watunza vitabu hodari, zilikuwa zikifunga masanduku na kwenda Uingereza na Kanada.

Kisha ukaja mwaka 1973. Bei ya mafuta ikapanda ghafla, mvua zikakosekana, na nchi ikalazimika kununua nafaka ng'ambo. Akiba ya fedha za kigeni ikakauka. Ni katika hali hiyo ndipo mwaka 1974 ilipotolewa amri ya kukataza uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Amri haikuzivunja zile zilizokuwapo, wala haikufunga mlango kwa kufuli. Aliyetaka kuingiza mashine alipaswa kuiomba kamati maalumu ya ushauri na kuishawishi. Lakini mlango unaofunguliwa na kamati hupitisha wachache, na waliopita walikuwa mashirika makubwa.

Wasomaji wa visiwani watakumbuka jambo la jirani yake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, ilhali bara iliingoja hadi 1994. Kwa hiyo ndani ya Muungano mmoja palikuwa na hukumu mbili juu ya mashine za kigeni. Upande mmoja kioo kilikaribishwa kama sauti ya Mapinduzi, na upande wa pili kilionekana ni anasa ya wachache wa mjini. Si kweli, basi, kwamba watu wa wakati ule walikuwa na woga mmoja wa mambo mapya. Kila upande ulipima chombo kwa swali lake.

Je, amri ya 1974 ilikuwa ya haki? Wanaoilaumu wana hoja nzito. Katika miaka ya mwisho ya 1970 kompyuta ilianza kushuka kutoka kabatini hadi mezani, bei ikaporomoka, na katika nchi nyingine kijana mwenye udadisi akaweza kujifundisha. Tanzania ilikuwa imejifungia nje wakati ambapo somo lilikuwa likirahisika. Kwa miaka mingi vijana wa Upanga, Kariakoo na kwingineko waliisoma kompyuta kwa chaki ubaoni, kama mtu anayejifunza kuogelea kwa kuchorewa bahari. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalipoufungua mlango, mashine ziliingia kwa wingi, na watu wa kuzitawala walikuwa bado haba.

Wanaoitetea nao hawakosi la kusema. Amri ile iliuliza swali ambalo wauzaji hawakupenda liulizwe: nani humu ndani anaisoma hesabu hii? Kwa nchi isiyo na fedha za kununua mahindi, kuendelea kulipa kwa fedha za kigeni chombo kilichovuruga daftari lake kungekuwa wazimu. Kosa halikuwa kuuliza. Kosa lilikuwa kulijibu swali la wasomaji kwa kuwaondoa wasomaji na daftari kwa pamoja. Badala ya kukataza mashine na kufundisha watu, nchi ilikataza mashine, na mafunzo yakasinyaa pamoja nazo, kwani ni vigumu kumfundisha mtu chombo kisichokuwapo.

Kuna hasara nyingine ambayo wachumi hawaiandiki, na ambayo ndiyo inayowahusu zaidi wapenzi wa lugha. Katika miaka ile lugha ilikuwa na ari. Istilahi za sheria, siasa na elimu zilitungwa, zikabishaniwa, zikakubalika. Laiti kompyuta ingalikuwapo katika madarasa na ofisi, nayo ingalipita katika tanuri hilohilo. Ilikuja baadaye, wakati ari imepungua na soko limetawala, ikaingia na maneno yake yote mgongoni. Kiswahili kikabaki na kompyuta, neno lililochukuliwa lilivyo, na pembeni yake tarakilishi na ngamizi zikigombea nafasi. Kazi kubwa ya kuzipa programu sura ya Kiswahili ilifanyika kwa kuchelewa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo mtu aliweza kuitumia kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa miaka 39 tangu ICT 1500 ifungwe Hazina.

Kampuni iliyoileta nayo haipo tena. Fujitsu ya Japani ilinunua sehemu kubwa ya ICL mwaka 1990, na mwaka 2002 jina hilo likafutwa. Makabati ya 1900 yamekuwa vitu vya makumbusho huko Uingereza. Katika maduka ya Kariakoo simu huuzwa kama karanga, na ndogo kabisa miongoni mwazo ina kumbukumbu kubwa kupita ya mashine zote saba za mwaka 1974 zikiwekwa pamoja. Kodi, ada na faini za serikali hulipwa kwa simu hizo, kwa namba inayotolewa na mfumo ambao mlipaji hauoni.

Swali la 1974, hata hivyo, halikufutwa pamoja na amri yake. Daftari la nchi limeingia tena ndani ya mashine, na safari hii halitatoka. Wahandisi Watanzania wapo, jambo ambalo Hazina ya 1965 haikuwa nalo. Lakini mama muuza samaki wa Feri, au fundi cherehani wa Mtaa wa Msimbazi, akiandikiwa deni asilolitambua, ataambiwa kwamba mfumo ndivyo unavyosema. Karani wa forodha wa mwaka 1926 angefungua daftari na kumwonyesha mstari. Ili mtu wa leo aonyeshwe mstari wake, hana budi kuwapo mtu wa kumweleza kwa maneno anayoyajua, na maneno hayo mengi bado hayajatungwa. Kazi hiyo iko mezani kwa washairi na wafasiri kama ilivyo kwa wahandisi.